Gari Linanyamaza Likishiba

Gari lilikuwa linatikisika. Hilo halikuwa na ubishi. Hata jirani yao mmoja, hana gari wala baiskeli, alilisikia likipita akasema hilo pikapu lina homa. Ubishi ulikuwa ni kitu gani kinachotikisa, na hapo ndipo nyumba ya Baba Pacha ilipoanza kuumia, maana kila aliyeulizwa alikuwa na jibu, na kila jibu lilitaka hela.

Kazi ya pikapu lile ilikuwa moja tu: mayai. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi, Baba Pacha na mkewe walipakia trei themanini bandani kwa mwenye kuku, wakaenda kuzigawa madukani. Mume usukani, mke pembeni yake, na kila duka mke anashuka mwenyewe kukabidhi trei mkononi kwa mwenye duka. Mtu akisikia trei themanini anadhani huo ni mzigo. Si mzigo. Mayai hayana uzito, yana hofu tu.

Sasa gari likifika ule mwendo wa kati, si wa kujivuta na si wa mbio, sakafu inaanza: ndu-ndu-ndu-ndu, kama mtu anagonga mlango kwa kiganja na hataki kuondoka. Inapanda kwenye viti, inaingia mpaka kwenye meno. Na kule nyuma mayai nayo yanaongea yao.

Jumatatu ile mwenye kuku, mama mmoja mfupi lakini sauti yake unaisikia mtaa wa pili, alizipanga trei zilizorudi juu ya meza ya uani, mbele ya wafanyakazi wake wote, akahesabu kwa kidole kimoja kimoja.

"Sitini na mawili," alisema. "Haya. Nani ananieleza?"

"Barabara ile, mama," akasema Baba Pacha.

"Barabara ile naijua tangu sijaolewa. Haijawahi kunivunjia yai."

Wafanyakazi wakainama wakajifanya wanafagia. Mmoja alishindwa, akacheka kwa puani.

"Ni gari, mama," akasema Mama Pacha. "Lina tatizo. Tutalitengeneza."

"Wewe angalau unasema." Mwenye kuku akamgeukia yeye, mume akabaki amesimama pale kama nguzo ya umeme. "Sikiliza, mwanangu. Jumatano pumzikeni. Kuna mtu ana gari la boksi, ameniomba kazi hii mara mbili. Siku hiyo nitamjaribu. Ijumaa njooni nyinyi. Ikirudi trei imelowa, hata moja, kazi nampa yeye, na tusigombane. Haya yaliyopasuka nitayakata kwenye hela yenu. Chukueni mkale."

Wakachukua. Wakala. Mayai asubuhi, mayai mchana, mayai jioni. Wale pacha wenyewe, wasichana wa miaka minane, walikuwa wameshaanza kuyaangalia kwenye sahani kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyekaa sana.

"Mama, mimi nikimeza hili nitataga," alisema mmoja.

"Ndu-ndu-ndu-ndu," akaitikia mwenzake, akigonga meza.

"Acha," akasema baba yao.

"Ndu..."

"Nimesema acha."

Kazi ya mayai ndiyo iliyolipa vyumba vyao viwili, ndiyo iliyolipa shule, ndiyo ilikuwa kila kitu. Na gari lenyewe lilinunuliwa kwa kiinua mgongo cha Mama Pacha, baada ya miaka kumi na mitatu kiwandani anashona mashati ya watu asiowajua. Kadi ya gari ina jina lake. Jambo hilo halikuwa linasemwa pale nyumbani, lakini lilikuwepo, kama ngazi iliyovunjika: kila anayepita anairuka.

*

Jumanne wakaenda kwa Fundi Bingwa. Jina hilo alijipa mwenyewe, akaliandika getini kwa rangi nyekundu. Alikuwa mtu wa haraka. Alipiga teke tairi, akaingia, akaendesha mpaka kona na kurudi, akashuka anafuta mikono ambayo haikuwa imeshika kitu.

"Giaboksi," alisema.

"Umejuaje?" akauliza Mama Pacha.

Fundi akamtazama Baba Pacha. "Mzee, beringi za giaboksi zimekwisha. Ukizidi kuendesha hivi litakuachia njiani."

"Mimi ndiye niliyeuliza."

"Ndiyo mama. Ndiyo namweleza mzee hapa."

Mama Pacha akavuta pumzi, akaishikilia, akaiachia. "Fundi, kuna kitu nataka nikwambie. Wiki juzi tulimbebea mwenye kuku magunia kumi ya chakula cha kuku. Njia nzima halikutikisika. Kimya. Tulipoyashusha tu, likaanza tena. Hiyo nayo ni giaboksi?"

"Mama," Fundi Bingwa akasema taratibu, vile watu wanavyoongea na mgonjwa, "gari halinyamazi kwa kushiba. Anayenyamaza akishiba ni mtoto."

Karakana nzima ikacheka. Baba Pacha naye akacheka, kidogo tu, kama mtu anayelipa nauli. Mkewe alikiona kile kicheko, akakihifadhi.

"Kuna kitu mmebadilisha kwenye gari?" fundi aliuliza huku anakunja mikono ya shati. "Mmeongeza, mmepunguza?"

"Hakuna," akasema Baba Pacha.

Sasa hapo. Hebu tusimame hapo kidogo, maana neno hilo moja ndilo lililokula nyumba.

Miezi miwili nyuma, Baba Pacha na mdogo wake, ambaye ni mchomeleaji, walikuwa wamelala chini ya pikapu lile siku nzima, wakaongeza chuma kimoja kinene kwenye springi za nyuma, kila upande. Vyuma viwili. Kwa nini? Kwa sababu Jumanne na Alhamisi mchana, Mama Pacha akiwa kwenye cherehani yake anashonea watu nguo, Baba Pacha alikuwa anabebea mjenzi mmoja saruji. Na siku gari liliponunuliwa mkewe alisema mbele ya watu: hili litabeba mayai na vitu vyepesi, saruji na kokoto hapana, vitaliua. Na yeye akasema sawa, mbele ya watu haohao.

Mlaumu, sikukatazi. Lakini hebu fikiria na wewe mtu wa miaka arobaini na sita amekaa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu, anampigia simu mkewe alete hela, maana pochi anayo mke. Mkewe anakuja, analipa, hamtukani hata siku moja. Anauliza tu, "Na ile ya wiki iliyopita?" Basi. Watu kwenye benchi wanatazama viatu vyao. Ndiyo saruji ikaanza. Alitaka kuwa na kitu mfukoni, awanunulie wenzake chai kijiweni, anunue viatu bila kueleza. Zaidi ya hapo hakuwa na jambo.

Na wala hakujua. Kichwani mwake springi ni springi, giaboksi ni giaboksi, hazijuani. Alichowaza ni kimoja: mambo ya springi yasitajwe hapa, mke wangu amesimama palepale. Akasema hakuna. Kama mgonjwa anayemdanganya daktari kwa sababu mkewe amemsindikiza.

"Laki tatu na nusu," akasema Fundi Bingwa. "Hapo nimewahurumia."

Walikuwa na laki moja na kidogo.

*

Mnunuzi wa cherehani alikuja jioni hiyohiyo, mwanamke mmoja mwenye duka la vitambaa, amekuja na futi yake ya kupimia kana kwamba cherehani inaweza kuwa imepungua. Alizungusha gurudumu, akakanyaga kanyagio, akasikiliza.

"Inalia kidogo," alisema.

"Hailii," akasema Mama Pacha. "Unachosikia ni kiti chako."

Wakapatana. Mama Pacha akainama, akachomoa sindano, akaichomeka kwenye ukosi wa gauni lake. "Hii yangu," alisema, na yule mwanamke hakubisha.

Aliyeitwa kusaidia kubeba alikuwa mdogo wake Baba Pacha, yuleyule mchomeleaji. Ndugu wawili wakashika huku na huku, wakaingiza cherehani mlangoni kiubavu. Pale mlangoni, nyuso zao zimekaribiana, mdogo akanong'ona.

"Kaka, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Zile springi."

"Springi zinahusiana nini na giaboksi?"

"Mimi sijui. Lakini mwambie."

"Wewe beba."

"Shemeji, angalia kizingiti hapo," Mama Pacha akasema kutoka ndani. "Usijikwae. Ahsante sana kwa kuja, na kazi zako zote."

Shemeji akajikwaa. Alikaribishwa chai akasema ana haraka, akaondoka hata mikono hajanawa. Pale kwenye sakafu, chini ya dirisha, yakabaki madoa manne ya mviringo, ya miguu ya cherehani. Pacha mmoja akaweka kikombe juu ya doa moja kuona kama kinaenea. Kilienea.

*

Jumatano, saa kumi mchana, giaboksi ikawa imerudishwa mahali pake. Fundi Bingwa alitoa gari mwenyewe, Baba Pacha katikati, Mama Pacha mlangoni. Gia ya kwanza safi, ya pili laini. Fundi akatabasamu. Ya tatu. Ya nne.

Ndu-ndu-ndu-ndu.

Wakarudi mpaka getini. Fundi alizima injini, akakaa kidogo na usukani wake.

"Basi hii ni difu, huko nyuma kwenye ekseli," alisema.

"Jana ulisema giaboksi," akasema Mama Pacha.

"Giaboksi nayo ilikuwa mbovu, mzee wangu," fundi akamwambia Baba Pacha.

"Nionyeshe beringi ulizotoa."

"Mama, haya mambo ni ya kitaalamu."

"Nimeuza cherehani. Nionyeshe."

Wakamletea kwenye kopo la maziwa. Mama Pacha akachukua beringi moja, akaipangusa mafuta kwa kanga, akaichomeka kidole, akaizungusha kwa kidole kingine. Ikazunguka kimya, ikazunguka mpaka ikachoka yenyewe. Mtu aliyeishi na cherehani miaka yote hiyo anajua chuma kizima kinavyozunguka.

"Hii inalia wapi?" aliuliza.

Fundi Bingwa akasema kuna mteja anamsubiri kule nyuma. Mama Pacha akachukua kopo lake na beringi zake, akaingia ndani ya gari, kopo mapajani.

Njiani wakapishana na lile gari la boksi, linatoka kugawa mayai, jeupe, limeoshwa. Dereva wake akawapigia honi kwa heshima kabisa na kuwapungia mkono. Angewatukana ingekuwa nafuu.

"Kesho tuende kwa yule mzee," Mama Pacha akasema.

"Fundi Subiri? Yule atamaliza mwaka."

"Huyu wa haraka amemaliza nini?"

Baba Pacha akaangalia mbele, akaendesha. Ndu-ndu-ndu-ndu.

*

Fundi Subiri alikuwa na banda la mabati tu, kreti la soda la kukalia, na vifaa vyake amevipanga juu ya gunia kama mtu anayeuza dagaa. Watu walimkimbia kwa sababu ukifika neno la kwanza analokwambia ni subiri. Na alikuwa na utaratibu wake ambao madereva hawakuupenda: hafungui kitu kabla hajauliza maswali, na anayeulizwa kwanza ni yule anayebebwa. Dereva anakuwa wa mwisho.

"Kwa nini mimi wa mwisho?" Baba Pacha akauliza.

"Dereva anajitetea," akasema mzee. "Subiri. Mama, wewe unakaa pembeni kila siku? Niambie."

Mama Pacha akamwambia. Alipofika kwenye magunia alisita, anangoja kicheko. Hakikuja.

"Magunia mangapi?"

"Kumi."

"Kumi, nyuma kabisa au yamesogezwa huku mbele?"

"Yote nyuma. Gari lilikaa chini."

"Mkashusha, likaanza siku hiyohiyo?"

"Dakika hiyohiyo."

"Mh," akasema Fundi Subiri, akainuka kwenye kreti lake kwa awamu mbili.

Aliendesha yeye. Mwendo wa kati ulipofika na sakafu ikaanza kugonga, hakukunja uso. Alitoa gia ya nne akaweka ya tatu, mwendo uleule.

"Mnasikia injini? Imepandisha sauti. Na huku chini?"

"Vilevile," akasema Mama Pacha.

Akatoa gia kabisa, akaliacha gari lijitiririkie lenyewe. Injini ikashuka, ikawa inanong'ona tu. Sakafu ikaendelea: ndu-ndu-ndu.

"Sasa injini imepumzika," mzee akasema. "Giaboksi haivuti kitu. Gia yoyote mtikisiko ni uleule, bila gia ni uleule. Unafuata magurudumu, haufuati injini. Kinachotikisa kiko nyuma ya giaboksi. Ni propela, lile bomba refu linalozunguka hapo chini kupeleka nguvu nyuma. Giaboksi yenu ni nzima hii."

Mama Pacha akageukia dirishani. "Tuliitengeneza jana."

"Pole," akasema mzee. Na ile pole yake iliuma kuliko kicheko cha karakana yote.

Waliporudi bandani akaonyesha mifuko ya mchanga iliyokuwa imepangwa ukutani. "Pakia hiyo minane." Baba Pacha akainama, akauzungusha mfuko wa kwanza, akautupa begani kwa pigo moja, akaenda nao mwendo wa kuyumba kidogo, akaulaza garini bila kishindo. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu.

"Umejifunzia wapi kubeba hivyo?" mkewe akauliza.

"Ujanani," alisema, akawahi wa nne.

Wakatoka tena. Gia ya tatu, ya nne. Mwendo wa kati ukaja, ukapita, ukarudi. Gari lilikuwa linateleza kama limepakwa mafuta. Unasikia upepo tu mlangoni.

"Limeshiba," akasema Fundi Subiri.

Mama Pacha hakucheka. Alimgeukia mumewe polepole, akamwangalia mpaka mume akaona haya ya kicheko chake cha Jumanne.

*

Fundi Subiri alitandika boksi kuukuu chini ya gari, akajisukuma ndani, akamwita Baba Pacha amfuate. Wakalala wawili, matumbo juu, vumbi linawaingia machoni. Mzee akagonga springi kwa bisibisi, ngazi moja baada ya nyingine, ti, ti, ti, kisha kimoja kikalia kwa sauti nzito.

"Hiki mgeni," alisema. "Hivi vingine vina kutu ya miaka. Hiki kina rangi. Na kule upande wa pili mwenzake."

"Punguza sauti, fundi."

"Kwa nini?"

Baba Pacha akaelekeza kwa kidevu. Kando ya tairi la nyuma zilikuwa zimesimama ndala mbili, moja kamba yake imeshonwa kwa uzi mweusi, kwa mshono mzuri sana.

"Sasa ni zamu ya dereva," mzee akasema, na sauti hakuipunguza wala hakuiongeza. "Nani aliweka?"

"Mdogo wangu."

"Lini?"

"Kama miezi miwili."

"Na kutikisika kulianza lini?"

Baba Pacha akafungua mdomo. Vumbi likaingia. "Kama miezi miwili," alisema, na ni hapo alipojisikia mwenyewe.

"Umeinua mgongo wa gari," mzee akasema. "Propela ina viungo vyake, inavumilia kupinda kidogo. Wewe umeipinda zaidi ya uwezo wake, inazunguka inarukaruka. Ukiweka mzigo, mgongo unashuka, inanyooka, inatulia. Mkeo alishawaambia. Na ukawaacha wafungue giaboksi."

"Sikujua, fundi. Haki ya Mungu sikujua. Mimi sikutaka tu..."

"Ulikuwa unabeba nini?"

"Saruji," Baba Pacha akanong'ona.

Zile ndala hazikusogea. Bisibisi ya mzee ikaendelea kukwangua kutu.

"Fundi," sauti ya Mama Pacha ikatoka huko juu, ya kawaida kabisa, kama anauliza saa. "Hivyo vyuma viwili vinawekwa kwa ajili ya mayai?"

Fundi Subiri alikuwa na mke miaka arobaini. Alifikiri kidogo. "Hapana, mama. Mayai hayavihitaji."

"Ahsante."

Ndala zikageuka, zikaondoka. Mlango wa gari ukafunguliwa, ukafungwa. Haukubamizwa. Baba Pacha alitamani ungebamizwa.

Kuvitoa kulichukua saa mbili, na katika hizo saa moja ni ya mzee kutafuta spana iliyokuwa mfukoni mwake. Bei aliyotaja ilikuwa kama ya kunyolewa mara nne. Mama Pacha akashika pochi, lakini mumewe alishafungua kasha la leseni yake, akatoa noti zilizokunjwa ndogondogo mpaka zimechoka.

"Kumbe zipo," akasema mkewe.

*

Walipokuwa njiani kurudi, gari tupu, mwendo wa kati, kimya, kila mmoja alitamani lile ndu-ndu lirudi lijaze nafasi.

"Sema kitu," akasema Baba Pacha.

"Niseme nini? Cherehani yangu imeuzwa kutibu kitu kisichoumwa."

"Sikujua kama ni springi."

"Najua hukujua. Ungekuwa unajua ungekuwa mwizi, ningekutukana nikalala. Hukujua. Ndiyo maana hata kukutukana vizuri nashindwa." Alivuta pumzi. "Ulishindwa kuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa. Halafu?"

Baba Pacha alibadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa. "Kila hela naomba kwako," alisema mwishowe. "Hata ya kinyozi. Watu wananiangalia."

"Uliwahi kuniambia hutaki kuomba?"

"Hapana."

"Uliomba, nikakupa. Mimi nilijua unaomba kwa sababu unaomba. Sikukaa kwenye lile benchi, nitajuaje?" Akatikisa lile kopo la beringi mapajani. "Mwanaume mzima, ukaona rahisi kulala chini ya gari siku nzima na mdogo wako kuliko kufungua mdomo mezani. Na yeye shemeji akaja kubeba cherehani yangu. Nikamshukuru. Nikamwambia angalia kizingiti."

Hapo sauti ikamkatika, si kwa kilio, kwa kuchoka.

*

Ijumaa walipakia themanini. Baba Pacha aliendesha mikono miwili juu ya usukani kama siku ya mtihani. Mwendo wa kati ukafika, na bila kujua wote wawili wakakaza meno kuungojea ule mtikisiko. Haukuja. Duka la kwanza, la tano, la kumi na moja. Mama Pacha anashuka, anakabidhi, anapanda.

Mwenye kuku alikuwa ameshakaa kwenye meza yake ya uani. Alizipokea trei tupu zilizorudi, akapitisha kiganja chini ya kila moja kama anayetafuta jasho. Kikavu. Wafanyakazi walikuwa wamesimama tayari kucheka, wakakosa la kufanya, wakafagia kweli.

"Yule wa boksi alivunja mangapi?" Baba Pacha akashindwa kujizuia.

"Hakuvunja hata moja," akasema mwenye kuku. "Ila hashuki. Anapiga honi wenye maduka watoke wabebe wenyewe. Tangu juzi wananipigia simu, yule mama yuko wapi." Akamrushia Mama Pacha bahasha. "Jumatatu, saa zilezile."

Ndani ya gari Mama Pacha akafungua bahasha, akagawa palepale juu ya paja, fungu moja, mbili, tatu. La tatu akampa mumewe.

"La nini hili?"

"Lako. Kila Ijumaa. Usiombe tena, na usinifiche tena. Ya cherehani utaitoa humohumo, kidogokidogo, sikuharakishi."

"Itachukua muda."

"Subiri," akasema Mama Pacha, na kidogo tu, upande mmoja wa mdomo, akacheka.

Lakini msidhani ilikwisha kirahisi hivyo. Vile vyuma viwili, alipovitoa Fundi Subiri, Mama Pacha aliagiza vipakiwe. Akavibeba mwenyewe mpaka ndani, vizito, akakataa kusaidiwa, akavisimamisha chini ya dirisha, juu ya yale madoa manne. Vikakaa hapo. Mgeni akija anajigonga kidole cha mguu, anauliza hivi ni vya nini, na Mama Pacha anasema muulize baba yao. Shemeji alipita siku moja, akaviona kutoka mlangoni, akakumbuka ana haraka.

Mwezi wa pili tangu hapo, mnunuzi wa vyuma chakavu alipita mtaani na mkokoteni wake, anagonga kengele. Mama Pacha alikuwa amekaa palepale chini ya dirisha, anashona sketi ya shule ya pacha kwa mkono, kwa ile sindano yake moja. Baba Pacha akainuka, akasafisha koo.

"Mama Pacha, hivi vyuma si tumpe huyu? Vinakula nafasi. Hela yake tuiongeze kwenye ya cherehani."

Mkewe hakuinua kichwa. Alivuta uzi mpaka mwisho, akaukata kwa meno, akavitupia jicho vile vyuma mahali pa cherehani.

"Viache hapo," alisema. "Vinashona."